Fundi Hapana na injini ya shemeji

Saa tatu asubuhi, injini ya silinda sita imekaa juu ya matairi mawili katikati ya gereji, inang'aa, na Fundi Hapana anaizunguka kama mtu aliyekuta ng'ombe wa jirani shambani kwake. Ameshika futi kamba. Anapima, anaguna, anapima tena, kisha anaitupa futi kamba kwenye benchi.

"Hapana," anasema. "Tena hapana kubwa."

Shemeji yake, mfanyabiashara wa maziwa aliyeinunua injini hiyo bila kumuuliza mtu, amesimama mlangoni na funguo za pikapu mkononi. Anatabasamu. Tabasamu hilo ndilo linalompandisha fundi mori.

Pikapu yenyewe ipo nje, boneti juu. Ina umri wa miaka thelathini na miwili, huvuta kwa magurudumu yote manne, na injini yake ya dizeli imechoka hadi inatema moshi ikiona mlima tu. Kila asubuhi huteremsha lita mia tisa za maziwa kutoka kilimani hadi mjini. Ni kilomita kumi na moja, kona juu ya kona, na anayeiendesha si mwenye mali. Ni mke wake, ambaye ni dada mdogo wa fundi, wa tumbo moja.

"Injini hii imetoka kwenye gari dogo la kutembelea mjini," fundi anafoka, akiigonga kwa spana. "Giaboksi yake otomatiki, nyepesi. Haina pa kufunga shafti ya mbele wala gia nzito ya kushikia gari mteremkoni. Atapanda mbio, sawa. Akishuka na mzigo, nani atamshikia? Breki? Breki zenyewe hizi za enzi za babu!"

"Shemeji, siku hizi watu wanataka nguvu," mwenye mali anajibu. "Kila gari linanipita mlimani. Watu wananicheka."

"Wanakucheka wewe? Saa hizo wewe si uko kitandani!"

Kicheko kinatoka stoo. Ni cha mtunza stoo, mwanamume mwenye mguu mmoja na mkongojo, ambaye amejipachika cheo cha Meneja na hakuna aliyethubutu kumvua.

Fundi ana umri wa miaka hamsini na sita. Alianza ufundi akiwa na kumi na saba, akisafisha vyuma vya watu kwa petroli hadi kucha zikageuka rangi. Jina la Fundi Hapana lilimganda miaka kumi na mmoja iliyopita. Kabla ya hapo, anasema, alikuwa fundi wa ndiyo.

Mwaka ule mteja mkubwa alimletea pikapu ya kubebea mawe na injini ya gari la kutembelea, kama hii hii. Fundi alipima, akaona haifai, akaifunga.

"Nilijua," anasema, na mishipa ya shingo imemsimama. "Nilijua, lakini yule bwana alikuwa ananiletea kazi kila mwezi. Nikameza maneno. Siku anaondoka dereva wake nilimpungia mkono pale getini, tena nacheka."

Siku ya tatu breki zilichemka mteremkoni. Dereva aliruka kabla gari halijagonga kalvati, na gurudumu la nyuma likampitia mguuni. Dereva huyo ndiye Meneja.

"Alinijia hospitali na machungwa," Meneja anasimulia. "Nikamwambia, machungwa nitakula, lakini na kazi utanipa."

Tangu hapo, kati ya wateja kumi wanaotaka kubadilisha injini, fundi huwarudisha sita. Nusu ya gereji amempangisha seremala ili aweze kulipa kodi. Wengi humwona ana kiburi.

"Wanadhani nawakasirikia wao," anasema. "Najikasirikia mimi."

Shemeji ameishiwa uvumilivu. Anasema fundi wa mtaa wa pili ameahidi kuifunga kwa siku tatu, bila maneno mengi.

"Mpelekee!" fundi anapaza sauti. "Ila dada yangu hapandi humo."

"Ni mke wangu."

"Na mimi nilimbeba mgongoni kabla wewe hujaingia kwenye mawazo yake!"

"Mmemaliza?"

Mdogo wake amesimama nyuma yao, buti za mpira miguuni, makopo matupu ya maziwa yamepangwa kando yake. Amesikia kila neno. Anamnyang'anya mumewe funguo.

"Miaka sita nateremsha maziwa na gari hili," anasema. "Wewe umenunua injini ya kupandia. Kupanda napanda na makopo matupu, mbio za nini? Na wewe kaka, unagomba kwa ajili yangu kama mimi nimekufa. Kuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nikifika kona ya saba huwa inakuwaje?"

Hata seremala ameacha kupiga randa.

"Nataka gia ya pili inishike bila kugusa breki," anaendelea. "Na klachi isiyonivunja goti. Basi."

Mumewe anakubali, kwa shingo upande, ushauri wa fundi: injini irudishwe dukani ibadilishwe na ya dizeli, silinda nne, iliyotoka kwenye lori dogo pamoja na giaboksi yake ya gia tano. Gia nzito ya pikapu itafungwa nyuma yake. Breki za mbele nazo zitabadilishwa zote. Fundi anahesabu wiki tatu.

Siku ya kuteremsha mzigo wa kwanza, anasema, hatabaki getini kupunga mkono.

"Nitakaa kiti cha abiria hadi mjini. Kama nimekosea, niwe humo humo."

"Nami nitakaa nyuma na maziwa," anadakia Meneja.

"Mtakaa," dada anasema. "Atakayepiga kelele namshusha."

Fundi hacheki. Anavuta kopo moja, analipangusa kwa kitambaa chake cha oili ili mdogo wake akalie, kisha anachukua chaki na kuchuchumaa sakafuni mbele yake.

"Haya," anamwambia, sasa kwa sauti ya chini. "Nieleze njia. Anzia kona ya kwanza."