Pazia la Mahakamani

Mtu akiisifia mahakama mbele yangu, namwacha amalize, halafu namwuliza: umewahi kuibiwa? Sisemi kuiba, nasema kuibiwa. Maana mwizi anajua pa kutokea. Mimi niliyeibiwa nilisota mle ndani miezi saba.

Nilikuwa fundi wa nguo pale Mazwi, mjini kwetu Ufipa, miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa na kaki ya sare za shule inapatikana kwa foleni. Cherehani changu kilikuwa cha mkono, cheusi, na maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika upande mmoja. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Watoto wangu watatu walikula kwa cherehani kile, sina namna nyingine ya kusema. Kilikuwa na kilema kimoja: ukigeuza kona, kinaruka mishono miwili, kisha kinaendelea kama hakijafanya kitu. Walikifungua mafundi hodari wakashindwa, kwa hiyo kila kona nilikuwa nairudia kwa sindano ya mkono.

Kikaibwa mchana kweupe, mimi nikiwa foleni ya unga. Siku ya nne mgambo wa kizuizi cha barabarani, njia ya Kasesya, wakamkamata mwanamume na baiskeli, cherehani kimefungwa kwa blanketi nyuma, anaelekea mpakani. Nilipoitwa polisi nilikitambua hata blanketi halijafunguliwa lote. Nikapiga vigelegele pale pale, mjinga mie, nikidhani yameisha.

"Kitakaa mahakamani kama kielelezo," karani akaniambia. "Kesi ikiisha utakichukua."

Mwizi alipewa dhamana wiki ile ile. Cherehani hakikupewa. Nikawa nakutana na yule bwana sokoni, ananunua maharage, ananiamkia, "Habari za siku, dada?" Wallahi nilitamani kumpiga na kikapu.

Halafu zikaanza tarehe. Leo hakimu yuko semina Mbeya. Tarehe nyingine mgambo aliyemkamata kapelekwa bondeni Mtowisa kusimamia watu wanaohamishwa. Tarehe nyingine mzee wa baraza yuko shambani anavuna ulezi. Mahakama ya mwanzo ilikuwa na wazee wawili wanaokaa na hakimu, na kura ya kila mmoja ina uzito sawa na ya hakimu, hivyo mmoja akikosekana hakuna kesi. Kila mara mnasimama, mnaambiwa tarehe, mnakwenda zenu. Watoto wakala uji asubuhi na uji jioni, nami nikilima vibarua kwenye matuta ya watu.

Mwezi wa sita wa kesi ndipo tukasikilizwa. Mwizi akasimama, kanyoa vizuri, akasema cherehani ni chake, alikinunua kwa msafiri. Akaleta ndugu zake wawili wakaapa. Mimi nikamleta jirani yangu, naye akaapa. Hakimu akasugua macho.

"Vyerehani vya namna hii viko tele mjini. Mama, una alama gani ya kuonyesha ni chako?"

Nikamweleza habari ya kona na mishono miwili. Akamgeukia mshitakiwa. "Na chako kina kasoro hiyo?"

"Hata kidogo, mheshimiwa. Changu kinashona safi."

"Basi nipeni kitambaa!" nikasema. "Nishone hapa hapa, kila mtu aone."

"Kielelezo hakiguswi," hakimu akasema, "mpaka siku ya hukumu." Karani akaandika, na akatupa tarehe.

Tarehe hiyo nikafika mapema, nikakaa benchi la dirishani. Dirisha lilikuwa na pazia jipya, kijani lenye maua meupe. Upepo wa Ufipa mnaujua, hauna adabu. Ukalisukuma pazia likanipiga usoni. Nikalishika nilitoe, na jicho la fundi halilali, likaenda moja kwa moja kwenye upindo. Kwenye kona palikuwa na mishono miwili iliyoruka. Nikaishika kona ya pili, miwili. Nikainuka kwenda dirisha lingine kana kwamba natafuta hewa. Miwili.

Nilisikia joto mpaka masikioni. Miezi saba wananiambia hakiguswi, kumbe wanajishonea!

Hakimu na wazee walipoingia sikungoja kuitwa. "Mheshimiwa, hili pazia limeshonwa na cherehani changu. Tazama kona. Kielelezo kimeguswa, na kimesema mwenyewe ni nani!"

Watu wakaguna. Mwizi akaangalia chini, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mzee mmoja wa baraza akaanza kunyanyuka aende dirishani. Hakimu akamwambia, "Kaa, mzee." Yule mzee akakaa. Hakimu akafunga jalada, akatoka.

Karani akanifuata kwenye kibaraza. Akachungulia pazia dirishani kabla ya kunisemesha, nikajua aliyeshona ni nani.

"Dada yangu, umeitukana mahakama. Utalala ndani leo, na wanao watabaki na nani? Ingia uombe radhi. Sema ulikosea juu ya pazia, basi. Hukumu inasomwa leo leo, cherehani unaondoka nacho."

Nikafikiria wanangu. Nikafikiria sare ambazo wazazi walikuwa wameniletea vitambaa vyake tangu zamani. Nikasema, liwalo na liwe, nipate changu niondoke.

Hakimu aliporudi nikaomba radhi. Hakimu akasema haitoshi kwa mdomo, iandikwe. Karani akaandika: mlalamikaji anakiri kwamba maneno yake kuhusu mishono ya cherehani si ya kweli. Nikaona haikuwa vile tulivyokubaliana nje. Hapa pazia halikutajwa kabisa. Niliona, msidhani sikuona. Nilijua kusoma vizuri, na kwenye kisomo cha watu wazima nilikuwa nawafundisha wenzangu. Lakini nikawaza cherehani, nikatia saini.

Mzee wa kwanza, yule aliyetaka kwenda dirishani, akasema cherehani ni cha mama. Mzee wa pili akasema, "Mama huyu alama yake ilikuwa moja tu, na leo ameikana mwenyewe. Tutamwamini kwa lipi?" Hakimu akasema anakubaliana na mzee wa pili. Wawili kwa mmoja. Mshitakiwa yuko huru, na kielelezo arudishiwe aliyekutwa nacho.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwangalia karani, akawa anapanga karatasi zake. "Una haki ya kukata rufaa, mama," hakimu akasema. Rufaa na maneno gani, nami nimeshajifunga kwa saini?

Wakakitoa cherehani stoo, wakakiweka mezani. Yule bwana akakizunguka, akagusa hapa, akagusa pale, kisha akaniuliza taratibu, mbele ya karani na mgambo wa mlangoni:

"Dada, hivi uzi unapitishwa wapi?"

"Mmesikia?" nikapiga kelele. "Mmemsikia nyie?"

"Kesi imeshafungwa, mama," karani akasema.

Nikamtukana karani, nikamtukana hakimu, nikamtukana mwizi na ukoo wake wote, kwa Kiswahili na kwa Kifipa, mpaka mgambo akanisukuma nje. Wote hao nawachukia mpaka leo, na msiniambie habari ya kusamehe. Lakini ninaposhindwa kulala sigombani nao. Nagombana na yule mwanamke aliyesoma ile karatasi mstari kwa mstari, akaielewa, na akaomba kalamu.