Vitunguu Vizima

Nitasema ukweli tangu mwanzo, maana nimeuficha vya kutosha: mimi ndiye niliyesimama katika ukumbi mmoja mjini Nyeri nikadai vizuizi vya mpakani viondolewe. Maofisa walikuja kutuuliza sisi wanawake wa soko ni nini kinachotukwamisha, na wenzangu kutoka Mweiga na Kangema wakawa wanaangalia viatu vyao. Mdomo wangu hauna breki. "Kitunguu haiwezi kungoja muhuri!" nikasema. Ukumbi ukapiga makofi, nikapewa soda na kofia. Baadaye vizuizi vikaondolewa kweli, na nyumba yangu ikanyamaza.

Nauza vitunguu Karatina tangu mume wangu akiwa hai. Vile vyekundu, vikavu, vinavyokaa bila kuota, vinatoka Tanzania, na aliyeniletea miaka yote hiyo ni mwanamke mmoja wa upande wa Arusha, mdogo wangu kwa miaka kama mitano. Siku hizo alikuwa akitangulia kwa basi kuja kutafuta wateja, lori lake likimfuata. Lingefika lini, hilo Mungu ndiye aliyejua. Vitunguu vya nchi jirani havikustahili kutozwa ushuru, lakini ilitakiwa karatasi ya kuthibitisha kwamba kweli vimelimwa kwa jirani, na karatasi yenyewe ilitoka mji wa mbali na mpaka. Ikikosa sahihi moja tu, lori linalala hapo siku mbili, tatu, hata nne. Na mwenye mali analala kwangu.

Siku ya kwanza aliniamkia, "Shikamoo, dada." Mimi nikajibu, "Mzuri." Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kiswahili hiki ninachoandika ni yeye aliyekinyoosha, maana nilichokuwa nacho kilikuwa cha kuuzia tu. Alisema sisi watu wa mlimani tukitaka kitu tunaamrisha kama askari. "Nipatie chai! Leta chumvi! Dada, kwani mnagombana na nani? Sema, naomba chai." Nikamwambia kwetu anayeomba ni mwombaji, na mimi sijafika huko. Lakini alinizoeza. Hadi leo nikiingia hotelini pale Nyeri nasema, "Naomba chai," na mhudumu ananitazama kama anayejiuliza kama nitalipa.

Lori likifika, vitunguu vilikuwa vimetoa jasho ndani ya magunia. Tulivimwaga kwenye turubai hapo uani kwangu na kuvichambua kimoja kimoja: vizima huku, vilivyolainika kule, vilivyooza kwenye ndoo. Ni kazi ya kutwa, mgongo unauma, na harufu inaingia hadi kwenye nguo za kanisani. Tuliilaani kazi ile. Tuliwalaani na watu wa mpakani, wao na mihuri yao. Lakini mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka, na yako mambo niliyoyasema juu ya lile turubai ambayo sijawahi kuyasema popote pengine. Nilimwambia kwamba siku mume wangu alipoanguka shambani na majirani wakaja kuniita, niliepua chai kwanza ndipo nikakimbia. Nimekaa na chai hiyo kifuani miaka mingi. Yeye hakuinua hata kichwa. Alimenya ganda bovu, akasema, "Ungeiacha ikaungua, ingemsaidia nini?" Akaendelea kuchambua.

Asubuhi ya mkutano wa Nyeri ni yeye aliyenipigia blauzi pasi. "Waambie, dada," alisema. "Waambie tumechoka." Basi nikawaambia.

Mambo yalibadilika polepole, kisha yakabadilika kabisa. Karatasi ikaanza kutolewa pale pale mpakani. Sasa lori linavuka asubuhi, linapita Kenol mchana, na jua halijazama liko Karatina. Magunia yanashuka makavu, ukiyatikisa yanachakarika. Bei imeshuka, wateja wameongezeka, na mimi mwenyewe nauza kuliko zamani. Sina haki ya kulalamika hata kidogo, na ndiyo sababu sikumlalamikia mtu.

Mara ya kwanza lori lilipokuja haraka hivyo, nilikuwa nimetandika kitanda cha chumba cha jikoni na kupika njahi, yale maharage meusi ya kwetu, kwa ndizi, chakula ambacho mgeni wangu hukisema vibaya huku akimaliza sahani. Dereva akashuka peke yake. Nikapiga simu. "Mwenyewe uko wapi?"

"Niko nyumbani, dada. Nije kufanya nini sasa? Mzigo unajileta!" Akacheka kwa furaha kabisa, na kwa nini asifurahi? Ana watoto, ana shamba, ana mume japo ni bubu wa kujitakia. Nikacheka na mimi. Ile njahi niliila siku tatu.

Tangu hapo mazungumzo yetu yakawa haya: "Dada, mzigo umefika?" "Umefika." "Mzima?" "Mzima." "Haya, asante." Kijana wangu yuko Nairobi na hunipigia Jumapili akiwa njiani kwenda mahali. Nikawa nawasha redio asubuhi ili kuwe na mtu anayesema ndani ya nyumba, kisha naibishia. Nikaanza kukaa sokoni hata baada ya kuuza kila kitu, mpaka wanaofagia wakanihamisha kwa ufagio. Nilikuwa na upweke, na aibu ya kuwa na upweke wakati biashara inakwenda vizuri. Ungemwambia nani? Ati nimekosa vitunguu vibovu?

Sasa, sokoni kwetu iko desturi moja. Mali ya mtu ikiharibika ikiwa mikononi mwako, huitupi mpaka mwenyewe aje aione kwa macho yake. Asipokuja, atabaki akijiuliza, na biashara ya kujiuliza haidumu. Ndiyo maana neno lako kwenye simu ni kubwa. Ukisema vimeoza, mwenye mali hana swali, anapanda basi.

Siku moja akauliza kama kawaida, "Mzima?"

Nikasema, "Vimeoza."

Sijui nilipolitoa. Lilitoka tu. Yeye akasema, "Nakuja kesho," na akakata. Ningeweza kumpigia saa ile ile. Badala yake nilikwenda kununua ndizi za kupikia, Mungu anisamehe, na nikatandika kitanda.

Alifika kesho yake alasiri, kiatu kimepasuka, uso umechoka. Hata shikamoo ilikuwa ya haraka. "Dereva nimemgombeza hadi basi," alisema akivuka uani. "Nimemwambia asirudi kwangu. Atakuwa alilala njiani na mzigo. Viko wapi?"

Nikamwonyesha magunia. Sikuwa na la kufanya. Mtu ninayekaribia uzee, nilisimama kando ya mlango nikishika leso yangu.

Akafungua la kwanza, akaingiza mkono hadi kwenye bega. Akatoa kitunguu kimoja, akakibonyeza, akakinusa. Akafungua la pili. Maganda yalichakarika kwa kelele ambayo naisikia hadi sasa. Akatazama magunia, akatazama turubai ambalo nilikuwa nimelitandaza tayari, na viti viwili vidogo nilivyoviweka. Akanitazama mimi.

Nilingoja anitukane. Mimi ningekuwa yeye, ningetukana, na vizuri. Alichofanya ni kuvua viatu, akamwaga gunia zima juu ya turubai, akaketi na kuanza kuchambua vitunguu vizima.

Nikaketi. Tukachambua. Vizima huku, na kule hakuna, na ndoo tupu katikati yetu. Nilisema, "Dereva hana makosa." Akasema, "Naona." Akafuta mikono, akampigia dereva papo hapo, akamwomba radhi na kumwambia kosa lilikuwa lake mwenyewe, kwamba alielewa vibaya. Jina langu hakulitaja. Nililia wakati huo, na sikusingizia vitunguu.

Akanisimulia mambo ya watoto wake. Nami nikamweleza jinsi ninavyogombana na redio, akacheka cheko lake lile la siku ya kwanza. Tulichambua magunia manne ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa, tukayajaza tena, tukayashona midomo. Akala njahi, akaisema vibaya, akamaliza.

Asubuhi nilimsindikiza kituoni. Basi lilikuwa linanguruma, na kondakta anatuharakisha. Akanishika mkono, akasema, "Dada, usiniozeshee vitunguu vyangu tena. Siku ukinihitaji sema tu, naomba uje." Akapanda.

Ni miezi sasa. Dereva yule bado analeta mzigo na hunisalimia vizuri, jambo linaloniuma zaidi kuliko kama angeninunia. Juzi lori lilishusha, simu ikalia.

"Dada, mzigo umefika?"

"Umefika."

"Mzima?"

"Mzima."

Hakusema haya, asante. Alikaa hapo kwenye simu, nikawa nasikia kuku wake na mtu akikata kuni. Alikuwa ananingoja. Neno lenyewe nalijua, nalitumia kwa chai ya hotelini. Nikafungua mdomo wangu huu, ule ulioshangiliwa na ukumbi mzima.

Nikamwambia huku kwetu mvua imeanza.