Wanaingia Wawili, Anatoka Mmoja

Asubuhi, ukungu bado umelala juu ya machimbo ya zamani ya kokoto. Mwanamke mfupi, mwenye koti la kijani lililopauka, anapiga magoti mbele ya kibanda cha turubai kisichozidi ukubwa wa kabati la nguo. Anatanguliza begi la kamera, kisha anajiingiza kinyumenyume kama kaa anayerudi shimoni.

Amekuja peke yake. Hata hivyo, haufungi mlango mara moja. Anajibanza upande mmoja, kama mtu anayempisha mwenzake atoke. Anasubiri. Kisha anavuta zipu polepole, jino kwa jino, na kuanzia hapo hana kikohozi, hana chafya, hana mbu wa kumpiga kofi.

Juu ya mnara wa chuma ulio mbele yake, tai anamtazama.

Majirani wanamwita Mama Kimya. Ana miaka hamsini na mbili, ni mjane, ana binti mmoja. Kazi inayompa ugali wa kila siku ni picha za paspoti, katika chumba cha mbele cha nyumba yake chenye stuli moja na pazia jeupe. Kazi anayoipenda ni hii ya kibandani. Picha moja ya ndege ikichukuliwa na watu wa kalenda hulipa kodi ya miezi miwili, lakini bahati hiyo huja mara mbili au tatu kwa mwaka, na kuna mwaka ambao haiji kabisa.

Biskuti zake amezitoa kwenye nailoni na kuzifunga kwenye kitambaa, kwa sababu nailoni inapiga kelele. Hapaki mafuta yenye harufu. Ana chupa ya maji ya kunywa, na chupa nyingine ya shughuli nyingine.

“Andika tu,” anasema. “Watu wanadhani kazi hii ni mandhari. Kazi hii ni kibofu.”

Ujanja wa kazi yenyewe alifundishwa na mpiga picha mmoja aliyekuwa akipita, kisha yeye na mumewe wakaufanya mila ya ndoa yao. Ndege akimwona mtu akiingia kibandani, hasahau. Atakaa mbali kutwa nzima. Kwa hiyo wanaingia watu wawili, kisha anatoka mmoja. Ndege anajua kuogopa, lakini kujumlisha na kutoa hajui. Atamfuata kwa macho yule anayeondoka mpaka apotee, ataona hatari imekwisha, atarudi kwenye shughuli zake. Aliyebaki ndani anakuwa hayupo.

Aliyekuwa akitoka ni mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa sauti kubwa hata watu wakamwita Spika. Kwa miaka kumi na moja Spika alimsindikiza mke wake hadi kibandani, akaketi naye kidogo, akatoka.

“Kazi yake ilikuwa kuonekana, yangu kutoonekana,” anasema Mama Kimya. “Mungu alitugawia vizuri.”

Spika hakutoka kinyonge. Alitupa mikono, alikanyaga kokoto kama anazidai, alianza kumtania mlinzi akiwa bado mbali, na geti alilibamiza mpaka machimbo mazima yakaitikia. Alisimama mahali pamoja tu, kwenye mizani ya zamani ya malori, katikati ya njia. Hapo aliinua mkono bila kugeuka, kumuaga mke wake, kisha akaendelea.

“Sikuwahi kumpungia,” anasema. “Ningempungia, ningeharibu kazi. Miaka kumi na moja nimeagwa na mgongo, na mimi nimenyamaza.”

Spika alipenda kusema kwamba siku akinyamaza, wamzike. Homa ya mapafu ilimnyamazisha kwa wiki moja. Wakamzika.

Mama Kimya aliiweka kamera kabatini akarudi kwenye paspoti. Angebaki huko, kama si simu ya mlinzi wa machimbo mwaka jana.

Machimbo yalikuwa yamefungwa zamani, na kampuni inayoyamiliki iliamua kuuza vyuma chakavu, pamoja na mnara uliokuwa ukipandisha mawe. Masharti waliyopewa ni kwamba kiota chenye kinda hakiguswi mpaka kinda aruke. Mkaguzi wa wanyamapori alikuja mara mbili. Mara zote mbili tai aliondoka kabla hata mlango wa gari haujafunguliwa, na kwa kina cha kiota kile, ukiwa chini huoni kilichomo. Mkaguzi akaandika kwamba ni kiota kikuukuu, kisicho na kitu.

“Nilimwambia kuna mtoto kule juu,” anasema mlinzi, mwanamume mkavu mwenye kofia ya sufu. “Akaniuliza, umemwona? Nikasema nimemsikia. Akasema ripoti haijazwi kwa masikio.”

Mafundi wa kukata chuma walipangiwa kuja Jumatatu. Mama Kimya alikuwa na wiki moja ya kuleta picha ya kinda aliye hai.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, muuza vipuri vya pikipiki, alijitolea kuwa wa kutoka. Siku ya kwanza aliifanya kazi hiyo kwa heshima zote. Alitoka kibandani ameinama, akinyata, viatu mkononi, kama mtu anayeondoka kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kwa mtu wa kawaida huo ni ustaarabu. Kwa kazi hii ni kosa kubwa kuliko yote.

“Shemeji, umetoka kama mwizi wa kuku,” alimwambia jioni. “Sasa hata mimi sikuamini.”

Kesho yake shemeji alitoka akiimba. Aliinua mikono, alipiga mateke makopo, geti alilibamiza mpaka mlinzi akamwomba aihurumie bawaba. Tai hakumgeukia. Alikaa kwenye mkono wa winchi, ile mashine ya kunyanyulia mawe juu ya mnara, ameukazia macho mlango wa kibanda, mpaka jua likazama.

“Yule ndege ana dharau,” shemeji analalamika mpaka leo. “Mtu mzima na tumbo langu nimepita mbele yake naimba, hata kope hakupepesa.”

Dharau ingevumilika. Kilichomtia hofu Mama Kimya ni sauti iliyokuwa ikitoka kiotani. Kila siku aliyokaa kibandani, tai hakurudi kulisha. Jumanne kinda alilia kwa nguvu. Alhamisi kilio kilikuwa chembamba, kama uzi unaovutwa. Ijumaa alilazimika kutega sikio ndipo akisikie.

“Nilikuwa naua nilichokuja kukiokoa,” anasema. “Mafundi wa Jumatatu wangekuta nimewamalizia kazi.”

Usiku huo aliamua kuacha. Jumamosi mchana alikwenda kung’oa kibanda, ili kinda alishwe angalau siku mbili kabla ya mnara kukatwa. Shemeji alikuwa dukani. Mlinzi akamfungulia geti, akarudi kwenye kiti chake.

Mama Kimya aliingia kibandani kufungua stendi, kamera ikiwa bado juu yake. Magoti yake hayapendi tena kukunjwa, kwa hiyo alikaa kwenye kistuli apumue. Mlango aliuacha wazi. Kupitia tundu la lenzi alimwona tai akimtazama yeye, moja kwa moja, kama alivyofanya wiki nzima. Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kamera, kwa mazoea tu.

Kisha kichwa cha tai kikaanza kugeuka.

Picha zipo. Hajawahi kuziuza, ila humwonyesha anayeuliza, kwenye kompyuta ya studio, baada ya wateja wa paspoti kuondoka. Anazipitisha moja baada ya nyingine.

Katika ya kwanza tai anaangalia mlango wa kibanda. Katika inayofuata anaangalia hatua chache nje ya mlango, chini, pale ambapo mtu angekuwa ameshasimama wima na kujikung’uta suruali. Halafu kichwa kinasogea kidogo, na kidogo tena, kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka. Kinapita ilipo mashine ya kusaga mawe. Kinapita rundo la kokoto. Kinafika usawa wa mizani ya malori.

Hapo kinasimama. Picha sita zinafuatana, na kichwa hakijasogea hata unywele.

Kisha kinaendelea, mpaka getini.

“Kokoto za pale hazifichi siri,” anasema Mama Kimya. “Paka akipita unamsikia. Nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Hapakuwa na kitu. Tai anamwangalia mtu anayekwenda, na njia ni tupu.”

Mlinzi ana lake la kusema kuhusu dakika hizo, na hulisema akiangalia pembeni. Alikuwa kwenye kiti chake, redio imezimwa kwa sababu ya betri. Aliinuka, akaenda getini, akavuta komeo.

“Nilipokwisha kufungua ndipo nikajiuliza namfungulia nani,” anasema. “Nikakaa nimelishika geti. Nikaona aibu kulifunga haraka. Nikahesabu kidogo moyoni, kisha nikalifunga taratibu.”

Juu ya winchi tai alijikung’uta manyoya, kama ndege anavyofanya akiwa na amani. Akaruka. Haukupita muda mrefu akarudi na sungura mdogo kwenye makucha, akatua kiotani, na kichwa chenye manyoya meupe kikainuka kutoka ndani, mdomo wazi.

Mama Kimya alipiga picha mpaka kadi ikajaa.

“Sikulia,” anasema. “Nililia jioni, nikimenya vitunguu.”

Picha zilitumwa siku ileile. Jumatatu mafundi walifika na mitungi yao ya gesi, wakaonyeshwa karatasi, wakarudi walikotoka. Kinda akakua, akaruka. Picha ya sungura kwenye makucha ilichukuliwa na kalenda, kisha ikapata tuzo ya kwanza kwenye maonyesho, na jina la Mama Kimya likaandikwa chini yake kwa herufi kubwa. Watu wa maonyesho walimsifu kwa subira. Alishukuru, akala chakula chao, akarudi nyumbani.

“Wanasema subira huvuta heri,” anasema. “Hawasemi kama huvuta na kingine.”

Binti yake, anayefanya kazi kwenye maabara ya hospitali, ana maelezo. Anasema ndege alishazoea kwamba mama yake akiingia, kuna mtu hutoka, akapita njia ile, akasimama pale. Siku hiyo macho yalikwenda yenyewe. Mlinzi naye alikuwa na mazoea yake. Mazoea mawili yamekutana, basi.

Mama Kimya hamkatalii. Alimuuliza jambo moja tu, kwamba mazoea hayo yalikuwa wapi wiki nzima shemeji alipokuwa akipita pale anaimba. Binti akasema atachemsha chai.

Hakuna katika familia anayemshawishi tena kwenda na msindikizaji. Amekwenda peke yake mara nyingi tangu siku ile. Si kila mara kichwa cha tai hugeuka. Kuna siku hukaa vilevile mpaka jioni, na siku hizo Mama Kimya hurudi nyumbani mapema, na sahani yake huirudisha nusu. Haamini mashetani, anasema, na hajawahi kuogopa pale, hata ukungu ukiwa mzito. Mlango huuacha wazi kidogo kwanza kwa sababu ni adabu.

Anachokiogopa ni magoti. Daktari ameshamwambia kwamba kibanda hicho na mifupa yake haviwezi kuendelea pamoja. Kampuni nayo imeweka sharti. Kila msimu ipelekewe picha ya kiota chenye kinda, na msimu utakaokosa picha, mnara utakatwa. Mwaka huu tai amerudi na ametaga. Kuna mayai mawili, na mlinzi tayari anatega masikio.

Kwa hiyo binti ameomba likizo. Kwa majuma kadhaa sasa anafundishwa sebuleni, kwenye kiti kigumu, kukaa bila kujikuna. Mara ya kwanza alishindwa kabla maji ya chai hayajachemka. Juzi alikaa hivyo mpaka baba yake mdogo, yule muuza vipuri, akaingia, akavua viatu, akajimiminia chai na kuanza kujisemesha, ndipo akashtuka kuona kuna mtu.

“Mnanitafutia kifo,” alisema.

Picha atapiga binti, mayai yakishaanguliwa. Kamera ameshakabidhiwa. Mama yake ataingia naye, ataketi kidogo, kisha atatoka. Amenunua viatu vya soli ngumu kwa ajili ya kokoto.

“Miaka yote hiyo nimekuwa wa kubaki,” anasema. “Sijui njia ile ina nini ukiipita huku unaangaliwa. Nataka nijue.”

Binti alimuuliza atajuaje wakati wa kuanza kupiga. Mama akamwambia asimwangalie yeye, amwangalie tai tu, kwa kuwa tai ndiye anayeona vizuri. Akimaliza kuangalia hadi getini, aanze.

Kisha akamweleza atakavyotembea. Hataenda katikati, kwenye alama za magurudumu, kama alivyozoea. Atapita kushoto, pembeni ya majani, polepole, asimwache mtu nyuma.

“Malori yalikuwa yanapishana pale,” anasema. “Njia ile inatosha watu wawili.”