Piga Muhuri Mwingine

Juzi, kwenye dirisha la maabara moja ya Usa River, nilisimama nyuma ya dada aliyevaa sweta mbili juani. Mama mkwe wake, chupa ya juisi ya rozela mkononi, alimwahi mtaalamu: "Damu ndogo, sivyo? Mwaka mzima namnywesha hii, bado analala tu."

"Damu yake iko vizuri, mama. Tezi ya shingoni ndiyo inayozembea. Ndiyo inayomchosha na kumtia baridi. Daktari atampa vidonge."

Dada akanyoosha mgongo. "Kwa hiyo mvivu ni tezi, siyo mimi?"

"Ni tezi."

"Naomba unipigie muhuri kwenye hiyo karatasi ya majibu."

"Mbona muhuri tayari upo?"

"Piga mwingine. Nyumbani tuko wengi."

Mama mkwe akafungua chupa, akainywa rozela yake. Sijapata kuona mtu akitoka maabara na ugonjwa, huku akitembea kama aliyeshinda kesi.