Kisima Kilichopakana na Depo

Harufu ya mafuta ya taa hunifanya nitake kujitetea hata pale ambapo hakuna aliyenishtaki. Nilikulia Matisi, mjini Kitale, katika nyumba iliyopakana na ua wa depo ya mafuta. Kutoka mlangoni tuliyaona matangi yake makubwa meupe, na jioni taa zake zilituangazia njia, tukajiona watu wa mjini kabisa. Lakini fahari ya Mama ilikuwa kisima. Baba alikichimba kabla hajafariki, na katika vyote alivyotuachia, ndicho pekee ambacho watu walikuja kukiulizia. Wakati wa kiangazi, mifereji ya mtaa ilipokauka, majirani walijaa uani kwetu na mitungi yao, na Mama aliwapokea kama wageni wa harusi.

Kiangazi kimoja chai yetu ilianza kuwa na ladha ya ajabu. Mama alizidisha tangawizi, akamlaumu muuza maziwa, na mwishowe akanigeukia mimi. Tulikuwa na mtungi mdogo wa mafuta ya taa uliofanana na wa maji, na mimi ndiye niliyetumwa kisimani kila asubuhi.

"Nekesa, si nilikuambia hiyo mtungi ni ya mafuta? Ati unatekea maji?"

"Sijaigusa, Mama."

Hakuniamini. Nilisugua mitungi yote kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka, na harufu haikutoka. Iliniuma sana. Nilinuna, nikawa nakula nimempa Mama mgongo.

Aliyeniokoa ni Mzee Ramadhani, fundi wa viatu mwenye kibanda karibu na msikiti. Kila alasiri alikuja kutawadha kwetu, akiteka kwa ndoo ya kisima yenyewe. Sisi maji tuliyachemsha, tukayatia majani na maziwa. Yeye aliyasukutua na kuyapandisha puani vilevile yalivyotoka ardhini. Siku moja alitema, akainusa ndoo, kisha akamwita Mama.

"Mama Nekesa, wacha kusumbua mtoto bure. Mimi sijatumia mtungi yenu. Hii maji inatoka huko chini na mafuta."

Mama alivuta ndoo nyingine, akainusa, akaketi palepale chini na kanga yake safi.

Watu wa depo walikuja, na kusema kweli walikuwa wapole. Tangi moja lilikuwa likivuja chini kwa chini, wakalirekebisha. Lakini afisa wa afya alisema kisima kisitumike tena, na Mama akakifunika kwa bati na mawe. Aliniomba msamaha huku analia, nami sikujua niupeleke wapi msamaha huo. Ningekubali liwe kosa langu, mradi kisima kipone.

Ua ulinyamaza. Majirani walitafuta maji kwingine, na sikuwalaumu. Mzee Ramadhani peke yake ndiye aliyeendelea kuja alasiri, sasa akiwa amebeba mtungi wa maji kutoka mfereji wa msikiti, uliokuwa umeanza kutoa maji tena. Aliuweka mlangoni na kusema, "Nimetawadha hapa sana, bana. Sasa ni zamu yangu."

Siku hizi naishi na Mama huku Kanduyi, Bungoma. Depo ya Matisi ilihamishwa zamani na matangi yakang'olewa. Majuzi nilipita huko, nikasogeza bati, na harufu ilikuwa bado mle kisimani. Nilisimama pale nikalia, mtu mzima na mkoba wangu begani. Sasa kuna mazungumzo ya kujenga depo nyingine, upande wa juu wa mtaa wetu wa hapa. Vijana wanaitaka kwa sababu ya kazi, na ninawaelewa, ila usingizi umenipungua. Wanangu humcheka nyanya yao kwa sababu hunusa kila kikombe cha maji kabla hajampa mgeni. Jana nilimpelekea kimoja kutoka mfereji wetu, nikamuuliza yakoje. Alinusa, akafikiri, akanywa.

"Iko sawa," akasema. "Bado."