Mama Kengele Aliyekataa Sifa ya Kufunga

Alizaliwa Jumapili alfajiri, mtoto wa saba wa seremala na mshona mashuka wa hospitali, na kilio chake cha kwanza kiliwaamsha majirani wa nyumba ya tatu. Sauti hiyo ndiyo iliyompa jina la Mama Kengele, na alipotimiza miaka ishirini na miwili alikabidhiwa kwaya ya parokia. Akaolewa, akajaliwa watoto watano. Baada ya yule wa mwisho, aliyezaliwa na kilo nne na nusu, jaribu likamfika. Akikohoa, mkojo unamtoka. Akicheka, unamtoka. Akipandisha sauti kwenye “Aleluya”, ndiyo kabisa!

Basi akaiacha kwaya, akahamia benchi la mwisho karibu na mlango. Siku za ibada hakunywa maji hata tone. Nao waamini, wapendwa, wakakosea kosa la watu wema: wakadhani amefunga! “Yule mama ni mtakatifu,” walinong’ona, “hanywi, hacheki.” Wasichana wakaanza kumwiga. Miaka tisa alinyamaza, akiuonea haya ugonjwa na kuionea haya zaidi sifa asiyostahili.

Wifi yake, mkunga asiyemung’unya maneno, ndiye aliyeona vitambaa vimeanikwa kwa kificho nyuma ya bafu.

“Wifi, unavuja?”

“Navuja.”

“Miaka yote hii? Una roho ya paka wewe! Misuli imelegea tu, inatibika.”

Mazoezi ya kuikaza misuli hiyo kwa miezi mitatu hayakutosha, ndipo daktari akampasua, akamwekea utepe mwembamba wa kuushikilia mrija wa mkojo. Wiki za kwanza alikojoa polepole, kwa maumivu, akahofu amejiharibia. Wiki ya sita, akiwa jikoni, ikampata chafya ya kutikisa sufuria. Akasubiri. Akajipapasa. Pakavu! Akakohoa makusudi, akaruka, akacheka mpaka mumewe akaja mbio na sabuni usoni.

Jumapili iliyofuata paroko, asiyejua lolote, akamsimamisha mbele ya waamini awafundishe wasichana kufunga. Angeweza kukubali, akabaki mtakatifu wao.

“Baba, sikufunga. Nilikuwa navuja mkojo, nikaogopa maji. Nimepasuliwa, nimepona. Na humu ndani siko peke yangu.”

Kisha mwenyekiti wa akina mama, mkali kuliko wote, akasimama. “Hata mimi,” akasema, na machozi yakamtoka. Wakasimama wengine kumi na mmoja! Paroko akaisahau homilia yake, na Mama Kengele akaanzisha wimbo, sauti juu kabisa.

Aliimba hadi alipofariki, akiwa na miaka themanini na moja. Waamini walipokusanya maajabu yake ili atangazwe mtakatifu, hawakupata kipofu aliyeona. Walikuja wanawake arobaini waliotibiwa kwa kufuata mfano wake, mmoja akasema, “Nilicheza kwenye arusi ya mwanangu mpaka viti vikakusanywa.” Wewe unayetaka kumwiga, jambo lile unalolionea haya mwambie nesi leo, kabla ya chakula cha mchana.