Mamba Muntu wa Mtaa wa Kisutu

Nilipokuwa na miaka tisa, niliamini kwa siku kadhaa kwamba mama yangu alikuwa ametupeleka baharini, mimi na mdogo wangu, ili amtoe mmoja wetu kafara. Ninaposimulia leo watu hucheka, nami hucheka nao. Siku zile sikuona cha kuchekesha.

Kwetu Lubumbashi kila mtoto alimjua mamba muntu. Picha zake zilitundikwa sebuleni mwa watu: mwanamke nusu, samaki nusu, nywele zimemfika kiunoni, nyoka mkononi. Anaishi majini. Ukimpendeza anakupa mali, duka lako linajaa, kisha siku moja anakuja kuchukua chake, naye hachukui kitu, anachukua mtu wa nyumbani mwako. Aliyetueleza hayo ni nkambo, mama yake baba, ambaye alizaliwa Mitwaba na kuja kuzeekea kwetu. Alituonya tusipokee chochote kutoka majini, hata kokoto.

Mama aliuza vitenge. Alianza kwa kuvibeba kichwani, akapata meza sokoni, mwishowe akapata duka. Tukahama mtaa wa Katuba, tukaenda mtaa wa Golf, kwenye nyumba ndogo iliyokuwa nyuma ya jumba la watu wenye uwezo. Lakini miezi michache kabla ya kuhama, mdogo wetu Ilunga, mtoto wa miezi minane, alikuwa amefariki. Mimi na Banza tulikuwa kwa shangazi, baba akiwa kazini usiku, na hakuna aliyetueleza alivyokufa. Wanawake wa Katuba waliyaunganisha mambo hayo mawili. Niliwasikia bombani wakisema duka lile si bure, na waliponiona na ndoo yangu wakaanza kuzungumzia mvua. Tangu siku hiyo nikawa namtazama mama kwa jicho jingine. Nilimpenda, na nilimwogopa.

Likizo kubwa ilipofika, mama akasema safari hii ya kwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo tungekwenda naye, mimi na Banza, ambaye alikuwa na miaka minne. Baba alikuwa na kazi, hakuweza kuja. Nkambo alipinga. Aliuliza watoto wanakwenda kufanya nini kwenye maji makubwa. Mama akaendelea kukunja nguo za Banza. Asubuhi ya kuondoka nkambo alinivuta nyuma ya mlango.

"Ushike mukono ya Banza," aliniambia. "Pa maji, usimuachilie."

Tulisafiri kwa basi siku tatu, tukavuka Zambia yote. Banza alilala mapajani mwa mama karibu njia nzima. Mimi sikulala sana. Nilijiuliza kwa nini mwanamke aliyezoea kusafiri peke yake ameamua, mwaka huu, kubeba watoto.

Dar es Salaam tulipokelewa na Mama Rekha, mwanamke wa Kihindi aliyekuwa akimuuzia mama vitenge kwa miaka mingi. Alizaliwa palepale mjini na Kiswahili chake kilikuwa laini kama cha redio. Mimi na Banza tuliona haya kufungua mdomo mbele yake. Kwa kuwa mzigo ulikuwa bado haujafungwa, alisema atatutembeza. Siku ya kwanza akatupeleka Mtaa wa Kisutu, kwenye mahekalu ya watu wake.

Tulivua viatu mlangoni. Sakafu ilikuwa baridi, ubani ukinukia, maua ya manjano yametandazwa kila mahali. Mama Rekha akagonga kengele ndogo, akafumba macho. Nilipoinua uso nikamwona, kwenye picha ukutani. Alikuwa mwanamke mzuri, nywele ndefu, amesimama juu ya ua katikati ya maji, na kutoka kiganja cha mkono wake sarafu za dhahabu zilikuwa zikimwagika. Sikuhitaji kuuliza. Nilitafuta mkia wa samaki, sikuuona, nikajiambia umefichwa na lile ua. Kisha nikamtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya picha ile, kama afanyavyo kanisani kwetu.

Mzee wa hekalu akampaka mama alama nyekundu kwenye paji la uso. Alipoinama kumpaka Banza, nilimvuta Banza nyuma yangu. Akatupatia vitamutamu, nikamnyang'anya Banza chake, nikavifumbata vyote viwili mpaka vikayeyuka vidoleni. Mama alinikaripia kwa macho. Mama Rekha akasema watoto huogopa vitu vigeni, tuwaache. Katika hekalu la pili, hatua chache mbele, palikuwa na mungu aliyevaa nyoka shingoni, nami nikakata tamaa kabisa.

Kesho yake tulipanda pantoni kwenda Kigamboni. Mama Rekha alibaki dukani, tukawa watatu tu. Kabla ya kupanda tulipita penye soko la samaki, Banza akicheka kila alipoona pweza, mimi nikimshika mkono kwa nguvu hadi akalalamika. Upande wa pili tukatembea mpaka ufukweni. Sikuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Mama alivua viatu, akashika kitenge chake, akaingia mpaka magotini. Akakaa hivyo muda mrefu, ametupa mgongo. Kisha akageuka, akanyoosha mikono.

"Banza, kuya."

Banza alikimbia. Nilimdaka kwa shati, akaanguka, akaanza kulia. Nilimlalia juu ili asiondoke. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Mama, kama unapashwa kumupa muntu, mupe mi. Banza iko mudogo."

Mama hakuuliza kumpa nani. Alisimama pale, mawimbi yakimpiga miguuni, mikono yake ikishuka polepole. Alipotoka majini alikaa mchangani karibu nasi, na kitenge chake kizuri, bila kutandika kitu. Aliniuliza nani aliniambia. Nikasema Katuba yote inajua. Alikamua upindo wa kitenge uliolowa, akaukamua tena ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

"Ilunga alikufaka na malaria," alisema. "Mi nilikuwaka Kasomeno na bitenge. Mvua ilikata barabara siku mbili. Nilifika, beko bamemuzika."

Akaeleza kwa nini alitubeba, "Njo maana ninabatwala. Sitaki tena kuwa mbali."

Nilikuwa nimeihesabu safari ile kuwa ushahidi dhidi yake. Nilimwachia Banza shati, naye akaenda kukaa mapajani mwa mama, na hatukuingia majini siku ile.

Wiki mbili baada ya kurudi Lubumbashi, Banza alishikwa na homa. Ilikuwa mchana. Mama aliliacha duka wazi, akamwomba jirani aliangalie, akambeba Banza mgongoni mpaka hospitali. Jioni mimi na nkambo tulipeleka bukari, ugali wa kwetu. Nilijua onyo lake limetimia na kwamba atasema hivyo. Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi, akaniuliza nini nilichokiona kule. Nilimweleza yote: picha, sarafu, nyoka, bahari. Nikangoja.

Nkambo alitazama mlango wa wodi.

"Ilunga alikuwaka moto vile vile," alisema. "Nilifikiri itapita. Nilingojea asubui."

Aliinuka, akaingia ndani. Kupitia mlango nilimwona akisimama kando ya kitanda, hajui aweke wapi mikono yake. Mama alikuwa akimpangusa Banza kwa kitambaa cha maji. Alimtazama nkambo, kisha akampa kile kitambaa, akasogea kumpisha.

Banza alipona siku ya nne. Nkambo aliendelea kutuonya juu ya mamba muntu hadi alipofariki, na sidhani alikuwa akidanganya. Alihitaji awepo mtu mwingine aliyemchukua yule mtoto. Mama kwa upande wake alijua tangu mwanzo Ilunga alikuwa ameachiwa nani usiku ule. Angesema neno moja tu bombani, ndimi zote za Katuba zingemgeukia mwanamke mzee. Alinyamaza, akakubali kuitwa yeye aliyeuza mtoto.

Mwaka uliofuata, wakati wa mzigo ulipofika, nilikuwa tayari nimefunga begi langu. Mama aliniambia nilifungue. Safari hii angekwenda peke yake, na Banza angebaki na nkambo.

Sasa nina watoto wangu, na mara nyingine kazi hunipeleka mbali. Ninapowaacha mlangoni humkumbuka mama asubuhi ile, akimkabidhi nkambo mkono wa Banza, kisha akitoka bila kugeuka nyuma. Sijui kama mimi ningeweza.